Hati ya 1998, barua ya kubomoa ya mwaka huu: mita 60 za ufukweni zinaanzia wapi?

KaskaziMtoto

Wakuu, habari za humu. Naomba wenye kujua sheria, upimaji na ujenzi wa ufukweni wanisaidie kwa niaba ya familia.

Kiwanja kiko Kigamboni, upande wa bahari. Hati ni ya 1998, miaka 66, matumizi ni makazi. Kwenye ramani ya upimaji kina upana wa mita 35 na urefu wa mita 118 kutoka barabarani hadi bikoni mbili (alama za mpaka) za upande wa bahari. Nyumba kubwa ilikamilika Februari 2001 kwa kibali cha ujenzi, na kona yake ya mbele iko mita 44 kutoka bikoni hizo. Mwaka 2012 likaongezwa banda la wageni la matofali, liko mbele zaidi, mita 29 kutoka bikoni. Siku hizi bikoni moja inafikiwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Nyingine bado iko kwenye mchanga mkavu.

Imekuja barua ya siku 30: majengo yote yako ndani ya mita 60 za ufukwe, yaondolewe kwa gharama ya mmiliki. Barua haina ramani wala vipimo. Maswali:

1. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi hasa? Bikoni, maji kujaa, au maji kupwa?
2. Hati na nyumba vilitangulia sheria ya mazingira ya 2004. Je, inatuhusu?
3. Kama ni kubomoa, fidia ipo?
4. Jirani wa upande wa kusini alijenga ukuta wa zege mbele ya kiwanja chake, na tangu hapo upande wetu unalika zaidi. Nasi tukijenga tutaruhusiwa?

Natanguliza shukrani.

MpimaMstaafu

Naanza na swali la kwanza, maana mengine yote yanalitegemea.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe wa bahari au ziwa la asili, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji. Maneno ya kifungu hayaelezi mpimaji asimame wapi na kuweka sifuri. Kinachofanyika kazini ni kuanzia alama ya juu ya maji kujaa, yaani pale bamvua inapofika. Anayepima kutoka maji kupwa anawapendelea wenye viwanja kupita kiasi. Anayepima kutoka bikoni anapima kitu kingine kabisa, kwa sababu bikoni ni mpaka wa kiwanja na bahari haiujui.

Lakini "pale bamvua inapofika" nako kuna utata. Kuna wastani wa bamvua na kuna bamvua kubwa kuliko zote za mwaka, zile za karibu na Machi na Septemba. Tofauti ya kimo kati yake kwa pwani yetu ni kama nusu mita. Inaonekana ndogo, ila ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 20 unaigeuza nusu mita hiyo kuwa mita 10 za kwenda bara. Kwa nyumba iliyoko mita 44 hiyo haikuokoi, ila kwa mwenye nyumba iliyoko mita 55 ndiyo kesi nzima.

Namna ya kuipata alama hiyo bila kubishaniwa baadaye: chukua jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, tafuta siku ya maji makubwa kabisa ndani ya miezi miwili ijayo. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na kwa Dar maji ya bamvua hujaa saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni. Mpima aliyesajiliwa awe pale jioni hiyo akiwa na GPS ya usahihi wa sentimita, achukue nukta kila mita 5 kwenye upana wote wa kiwanja na mita 20 za ziada kila upande. Arudie siku inayofuata. Apime pia mstari wa takataka na mwani ulioachwa na maji, na mstari ambapo majani ya kudumu yanaanza. Mistari hiyo mitatu ikikaribiana, alama yako ni imara. Ikiachana sana, aandike sababu: mara nyingi ni ufukwe unaolika au mchanga uliojazwa juzi.

Usipime siku ya upepo mkali wa kusi. Mawimbi hupanda juu ya maji yenyewe, na alama yatakayoacha itakula mita zako bila haki. Kwa upande mwingine, mwisho wa kaskazi ufukwe mwingi huwa umebadilika umbo, mchanga umehamia upande mmoja. Vipimo vya msimu mmoja tu vinapingika kirahisi.

Mita 60 zenyewe zipimwe kwa mlalo, si kwa kufuata mteremko. Kwenye ufukwe wa kawaida tofauti ni sentimita chache, lakini kwenye jabali la matumbawe lenye ukingo wima inaleta maana.

Kosa linalovuruga viwanja vya zamani kuliko yote ni hili. Ramani ya 1998 imechorwa kwa mfumo wa kuratibu wa Arc 1960. Simu, Google Earth na vifaa vya sasa vinatumia WGS84, na upimaji mpya wa Tanzania umehamia TAREF11. Ukiingiza namba za ramani ya zamani kwenye simu bila kuzibadilisha, kiwanja kinahama karibu mita 300 kaskazini au kusini na kama mita 100 mashariki au magharibi. Yapo mabishano ya mtu kuambiwa nyumba yake iko baharini kumbe ni namba ambazo hazikubadilishwa. Muulizeni aliyeandika barua alitumia mfumo upi. Na kama alipima kwa simu ya mkononi, ajue inakosea mita 3 hadi 10 hata kwenye uwanda mtupu.

WakiliPwani

Mpima kamaliza la kwanza. Nichukue la 2 na la 3.

Sheria ya 2004 ilianza kutumika 1 Julai 2005. Kanuni ya kawaida ya mahakama zetu ni kwamba sheria hairudi nyuma kugusa haki zilizokwishapatikana isipokuwa yenyewe iseme hivyo waziwazi. Kwa hiyo majengo yako si kesi moja, ni kesi mbili, na nakushauri uzitenganishe kuanzia barua ya kwanza ya majibu.

Nyumba ya 2001: ilijengwa kwa kibali, wakati hakukuwa na kifungu cha 57. Wapo watakaokutajia Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7 kuhusu ardhi hatarishi. Kisome vizuri. Kinataja mita 60 za kingo za mto na ufukwe wa ziwa la ndani, kinataja mikoko na matumbawe, lakini ufukwe wa bahari hakiutaji kwa mita hizo. Tena sheria hiyo ilianza kutumika 1 Mei 2001, nyumba yako ikiwa imekwisha. Ardhi ikitakiwa kutangazwa hatarishi kwa kuwa ni dhaifu kimazingira, kuna utaratibu wa kutoa taarifa kwa wanaoikalia, kupokea maoni yao na kutangaza. Barua ya ofisa mmoja haitoshi.

Banda la 2012: hilo limejengwa miaka saba baada ya sheria kuanza, ndani ya mita 30, na hukusema kama lilikuwa na kibali. Kusema kweli, msilipiganie. Mkiling'ang'ania mtaharibu sura ya kesi ya nyumba. Kuna faida kubwa kuandika "tupo tayari kuliondoa banda ndani ya siku kadhaa, lakini nyumba ina msimamo tofauti kwa sababu zifuatazo".

Jambo ambalo wengi wanachanganya: kifungu cha 57 kinazuia shughuli, hakifuti hati. Kiwanja kinabaki chenu, na kodi ya pango la ardhi mtaendelea kulipa kwa mita zote za mraba zilizomo kwenye hati. Kukunyang'anya miliki yenyewe kunahitaji njia nyingine, ama kufutwa kwa miliki kwa kukiuka masharti, ama kutwaliwa kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay la 1994, ilikwishasema kwamba haki ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiondolewi bila fidia ya haki.

Ndiyo maana neno lililotumika kwenye barua lina uzito. Wakiandika "mmevamia eneo la hifadhi ya ufukwe", wanajenga hoja kwamba nyie ni wakosaji, na mkosaji halipwi. Wakiandika "eneo linahitajika", fidia inafuata. Ikifuata, kanuni za tathmini za 2001 zinahesabu thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20), posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kama kuna biashara. Tathmini ikikaa miaka miwili bila malipo inapoteza uhai na inapaswa kufanywa upya, kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya 2016.

Cha kufanya sasa, kabla siku 30 hazijaisha. Jibuni barua kwa maandishi, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Ombeni mambo matatu: kifungu wanachotegemea, ramani ya vipimo yenye jina na sahihi ya mpima, na siku ya kwenda uwandani pamoja. Sambamba na hilo fanyeni upekuzi rasmi wa hati ili mjue hakuna zuio lililoandikwa, na someni ukurasa wa masharti. Hati nyingi za pwani za miaka ile zina sharti la umbali wa kujenga, na hilo likivunjwa hoja ya sheria kurudi nyuma haiwasaidii chochote.

Ushahidi wa tarehe ndio utakaoamua. Kibali cha ujenzi na michoro iliyogongwa muhuri, stakabadhi za kodi ya jengo, maombi ya kuunganishiwa umeme, picha za satelaiti za zamani za Google Earth, na kama zipo, picha za anga za Idara ya Upimaji na Ramani. Picha ionyeshe paa likiwepo kabla ya Julai 2005. Banda lisiwepo humo ni sawa, msilifiche.

Mkilazimika kwenda mahakamani: tangu marekebisho ya 2020, kuishtaki serikali za mitaa nako kunahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Mnaona tatizo. Barua inatoa siku 30, notisi inadai 90. Mwanya huo mawakili huuziba kwa maombi ya zuio la Mareva (zuio la muda kabla ya kesi yenyewe), yanayofunguliwa Mahakama Kuu wakati notisi bado inakimbia. Yaandaliwe mapema, maana jaji atauliza kwa nini mlisubiri siku ya 29. Tena kama kilichokuja ni amri rasmi ya mazingira na si barua ya kawaida, ndani yake kuna njia na muda wa rufaa. Huo mfuateni kwanza, la sivyo mtaambiwa mmekimbilia mahakamani kabla ya wakati.

Mvinje

Kabla hamjamalizana na sheria, ngoja tuseme kwa nini mita 60 zipo, maana humu zinazungumzwa kama adhabu.

Ufukwe wa mchanga unapumua. Kusi inasukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi inaurudisha kiasi, lakini kwa ukanda wa Dar hesabu ya mwaka mzima ni kuelekea kaskazini. Ufukwe unaweza kurudi nyuma mita kadhaa msimu mmoja na kujijaza msimu mwingine, mradi nyuma yake kuna akiba ya mchanga na mimea. Ukiweka jengo juu ya akiba hiyo, bahari haina pa kuchota. Kunduchi ni mfano unaojulikana: hoteli zilizojengwa karibu na maji zilijikuta maji yamo ndani ya uwanja, na ile ya Africana haipo tena. Na huko tatizo liliongezwa na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoingia baharini, mchanga ambao ndio ungeilisha fukwe.

Halafu kuna watu wengine wanaoutumia ufukwe huohuo. Wavuvi wanavuta ngalawa, akina mama wanapita kwenda kuokota chaza na pweza maji yakipwa, na pwani ya kusini ya Dar kasa wanapanda kutaga juu kidogo ya mstari wa bamvua. Taa kali za baraza zinawapoteza vifaranga, wanakwenda nyumbani kwako badala ya baharini. Uzio unaoshuka hadi kwenye maji hauna utetezi hata kwa hati ya mwaka gani.

Ninachokubaliana na mwenye mada ni kwamba sheria haitekelezwi sawasawa. Nyumba ya makazi inapata barua, na jengo kubwa lenye cheti cha mazingira linasimama mita 20. Lakini hiyo ni hoja ya kudai usawa, haibadilishi mita.

MhandisiWaFukwe

Swali la 4. Maelezo ya Mvinje yanajibu kwa nini upande wenu unalika: mko kaskazini ya ukuta wa jirani, na mchanga unatoka kusini. Ukuta wima wa zege unafanya mambo mawili mabaya. Unarudisha wimbi kwa nguvu, wimbi likirudi linachimba mchanga mguuni mwa ukuta. Na mwisho wake wa kaskazini wimbi linajikunja na kuchota ardhi ya jirani, yaani yenu. Mkijenga ukuta kama wake mtahamishia tatizo kwa anayewafuata, na wenu wenyewe utaanza kuning'inia.

Kisheria, ukuta wa bahari ni kazi ya kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo unagusa kifungu kilekile mnachokilalamikia. Haujengwi bila tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na kibali cha halmashauri. Kuta za Barabara ya Barack Obama na ile ya Kigamboni kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere zilijengwa kama miradi ya umma kulinda miundombinu, baada ya usanifu. Msitumie hizo kama ruhusa.

Kama mtaomba, ombeni kwa pamoja wenye viwanja vyote vya kipande hicho cha ufukwe, akiwemo jirani wa kusini. Ombi la mita 35 peke yake halina maana kihandisi na wakaguzi wanalijua hilo. Na ombeni mteremko wa mawe badala ya ukuta wima.

Mteremko wa mawe unafanya kazi hivi: 1 kwa 2 au mlalo zaidi, kitambaa cha chujio chini (jiotekstaili), tabaka la mawe madogo, kisha tabaka mbili za mawe makubwa. Uzito wa jiwe hutokana na kimo cha wimbi linalofika mguuni, na wimbi hilo linabanwa na kina cha maji. Chukua kama 0.7 ya kina. Maji ya bamvua yakiwa mita 1.5 mguuni, wimbi ni kama mita 1, na jiwe gumu la uzito wa kilo 2,600 kwa mita ya ujazo linatakiwa liwe na kilo 180 hivi kila moja. Wimbi likiwa mita 1.5, jiwe linaruka hadi kilo 600, kwa sababu uzito unapanda kwa kipeo cha tatu cha kimo. Hapo ndipo watu wanapokosea wakitumia mawe ya matumbawe ya pwani kwa kuwa ni rahisi. Ni mepesi, kilo 2,200 hivi kwa mita ya ujazo, na kwa wimbi lilelile la mita 1 mnahitaji jiwe la kilo 360, mara mbili. Kikapu cha pikapu kilichojaa mawe ya kubebwa na mtu mmoja kitasambaa ufukweni kabla kusi haijaisha.

Mguu wa mteremko uzikwe angalau mita 1 chini ya kiwango cha chini kabisa ambacho mchanga hufika kwa mwaka, si kiwango mlichokiona siku ya kuanza kazi. Ncha zake zikunjwe kuelekea bara mita kadhaa, vinginevyo maji yataingia nyuma. Bila kitambaa cha chujio, mchanga wa nyuma unapitia kwenye nafasi za mawe, juu panatitia, na watu wanafikiri mawe yamehama.

Vitu vinavyouzwa sana na havidumu: gabioni, kwa kuwa waya unaliwa na chumvi na kusagwa na mchanga, hata wenye ganda la plastiki ukichubuka mara moja basi, viroba vya mchanga, ambavyo jua linavichana ndani ya miezi, na matairi, ambayo ni takataka tu. Kama lazima liwepo zege la nondo popote karibu na bahari, nondo zifunikwe na zege la milimita 75, maji na mchanga viwe vya bara. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nondo zinavimba kwa kutu na zege linapasuka kutoka ndani. Kuuchota kwenyewe pia ni kosa na kunaongeza mmomonyoko.

Ila kwa kiwanja cha mita 118 ushauri wangu ni wa bei nafuu zaidi: rudini nyuma. Mkiondoa banda, mna mita 44 mbele ya nyumba. Zijazeni mimea ya asili ya ufukweni, mkadi na ile mitambao yenye maua ya zambarau inayotambaa juu ya mchanga, na wekeni njia moja ya kushukia badala ya kukanyaga kote. Miti ya mvinje isiwe mstari wa mbele. Mizizi yake haiendi chini sana, mchanga ukiondoka inaanguka na kuacha shimo kubwa.

MtoMwachi

Nasoma nikiwa Kwale, Kenya. Ndugu zangu wa huku wasichukue majibu haya kama yalivyo. Kwetu mita 60 zinatoka kwenye kanuni za upimaji: ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, ikipimwa kwa ajili ya kugawiwa, kipande cha angalau mita 60 juu ya alama ya maji kujaa huachwa kwa serikali. Hati nyingi za pwani zilizotolewa chini ya sheria ya hati ya 1908 zilifika hadi kwenye alama ya maji kujaa zenyewe, hazikuacha kipande hicho. Ila Katiba ya 2010, ibara ya 62, imeweka wazi kwamba ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo ukuta ulioteremka chini ya alama hiyo hauna ulinzi, hata hati iwe ya babu. Na Zanzibar nako wana sheria zao za ardhi na mazingira, msiwachanganye na Bara.

Kirumba

Na wa ziwani je? Kwa wenye viwanja Mwanza, Musoma na Bukoba hali ni ngumu zaidi kuliko ya mwenye mada. Kama alivyosema WakiliPwani, ufukwe wa ziwa umetajwa kwa mita 60 hata kwenye Sheria ya Ardhi, kwa hiyo tarehe ya kuangalia ni Mei 2001, hamna msaada wa kusubiri 2005. Na ziwa halijai na kupwa kila siku, linapanda kwa miaka. Mwaka 2020 na tena 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba ambazo kwenye ramani zilikuwa mbali na maji. Mpima anayetumia ufukwe wa mwaka wa maji madogo anakudanganya. Waliovuka mpaka kununua Uganda wajue huko eneo la ulinzi la Ziwa Victoria ni mita 200.

KaskaziMtoto

Wakuu, nimeshindwa hata pa kuanzia kushukuru. Masharti ya hati tumeyasoma: kuna sharti la kujenga ndani ya miezi 36 na kutunza bikoni, umbali wa kujenga haukutajwa. Banda halikuwa na kibali. Familia imekubali liondoke.

Maswali mawili ya mwisho. Bikoni iliyofikiwa na maji tuifanye nini? Na shimo la maji taka la nyumba liko mbele, upande wa bahari, mita 35 kutoka mstari wa bamvua. Nalo linahesabika?

MpimaMstaafu

Bikoni msiing'oe wala kuihamisha, ni kosa la jinai. Mpima aipige picha, achukue kuratibu zake, aandike hali yake. Baadaye mnaweza kuomba upimaji upya ili eneo lililoliwa litolewe kwenye hati. Wengi wanaogopa kupunguza mita, lakini kodi ya pango inahesabiwa kwa mita za mraba, na mnalipia maji. Subirini tu suala la barua liishe kwanza, msibadilishe ramani katikati ya mgogoro.

MhandisiWaFukwe

Shimo linahesabika, na kwa mkaguzi wa mazingira ndilo jambo la kwanza, kabla ya nyumba. Maji ya ardhini ufukweni hupanda na kushuka pamoja na bahari. Shimo la kunyonya lililochimbwa mita 3 kwenye mchanga linaweza kuwa na kitako ndani ya maji kila bamvua, na hapo uchafu hauchujwi, unaenda moja kwa moja baharini na kwenye kisima cha jirani.

Pima: chimba shimo la majaribio karibu na hapo siku ya bamvua, soma kimo cha maji saa moja hadi mbili baada ya bahari kujaa, kwa kuwa maji ya ardhini huchelewa kidogo. Kitako cha shimo la kunyonya kiwe angalau mita 1.2 juu ya kimo hicho. Kama haifiki, hamisheni mfumo nyuma ya nyumba, upande wa barabara, tangi la vyumba viwili lisilovuja na uwanja wa kunyonyea usio na kina. Kisima chochote kiwe mita 30 au zaidi kutoka hapo. La zamani mlinyonye, mlijaze mchanga wa bara, mpige picha kila hatua, na picha hizo ziambatanishwe kwenye majibu ya barua pamoja na ahadi ya kuondoa banda.

WakiliPwani

Naongeza moja kwenye hilo la picha: ziwe na tarehe, na anayeziambatanisha aape kiapo kwa kamishna wa viapo kwamba ndiye aliyezipiga. Picha za simu zisizo na mwenyewe hukataliwa.